Panya Mmoja, Vimelea Viwili

Kwetu Kongolo, katika bonde la Lualaba nchini Kongo, hakuna mtoto anayepangiwa siku ya kuugua. Anashuka mtoni kuoga, na vimelea vya kichocho vinampenya ngozi katika maji ya pembeni, penye majani na konokono. Usiku mbu anamwachia malaria. Minyoo ya tumbo ilikwisha kuingia zamani, tangu alipokuwa akitambaa uani. Siku homa ikipanda atachomwa kidole, tone lake la damu litasomwa, na karatasi itasema malaria, kwa kuwa malaria ndiyo iliyotafutwa. Karatasi haidanganyi. Ila ndani ya mwili ule wamo wageni wawili watatu, kila mmoja kaingia kwa siku yake na kwa wingi wake, na kinga ya mwili imekuwa ikimjibu huyu huku inashughulika na yule. Bandama limevimbishwa na nani? Damu imepunguzwa na nani? Na je, mmoja anamfungulia mwenzake njia, au anamzuia?

Kwa mtoto mwenyewe swali hilo ni gumu kujibika, maana hakuna anayejua nani alitangulia. Ndipo inapoingia kazi ninayotaka kuisifu: kazi ya mafundi wa maabara wanaomchukua panya asiye na kimelea chochote, wakampa kichocho siku waliyoichagua wao, wakangoja, kisha wakampa malaria siku nyingine waliyoichagua wao, na kukaa wakiandika kila kinachotokea. Ikielezwa hivi inaonekana nyepesi. Si nyepesi hata kidogo, na nadhani sisi wa bonde la Lualaba tuna sababu ya kuielewa kuliko wengi. Wanachokipanga wao kwa mkono ndicho tunachopewa sisi bila ratiba.

Kazi huanzia kwa konokono. Chumba chao hakina fahari: mabeseni ya maji juu ya rafu, joto limeshikwa mahali pamoja, na konokono wadogo bapa wa jamii ya Biomphalaria wakitafuna majani ya saladi. Ndugu zao wanaishi katika Ziwa Tanganyika na katika mito yetu, nao ndio wanaobeba kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni. Fundi huchukua ini la panya aliyeambukizwa wiki nyingi nyuma, lililojaa mayai, akalisaga ndani ya maji ya chumvi. Chumvi ina sababu yake. Yai la kichocho likikutana na maji matamu huanguliwa upesi, na yeye hataki yaanguliwe kabla hajawa tayari. Akishayachuja na kuyasafisha huyahamishia kwenye maji yasiyo na chumvi, chini ya taa. Baada ya muda mfupi yanapasuka, na vitoto vyenye vinyweleo vya kuogelea vinaanza kukimbia huku na huku vikimtafuta konokono. Vina saa chache tu za kuishi. Fundi anavifyonza kwa mrija mwembamba akivihesabu chini ya hadubini, vitano kwa konokono huyu, vitano kwa yule, kila konokono ndani ya kishimo chake cha maji.

Kisha anangoja mwezi mzima na zaidi. Wakati huo kitoto kilichoingia ndani ya konokono kinajigawa, kinajigawa tena, mpaka kimekuwa maelfu ya serkaria wenye mikia iliyopasuka panda. Siku ya kuwatoa ikikaribia, konokono hufungiwa gizani, halafu asubuhi wanawekwa chini ya taa kali. Serkaria wa mansoni hutoka kwa mwanga, kwa kuwa binadamu huingia majini mchana. Maji ya glasi yanakuwa kama yana vumbi linalocheza. Kuanzia hapo saa inamkimbiza fundi, kwa sababu nguvu ya serkaria ya kupenya ngozi hupungua saa baada ya saa. Anachukua matone machache, anayatia iodini ili waliomo wafe na kuonekana vizuri, anahesabu, anapiga hesabu ya glasi nzima, kisha anapima kiasi kinachobeba dazeni chache tu za serkaria kwa kila panya. Panya analazwa usingizi, manyoya ya tumbo yananyolewa, maji yanawekwa juu ya ngozi, au mkia wake unatumbukizwa ndani ya kijichupa. Glavu hazivuliwi. Serkaria hachagui kati ya ngozi ya panya na ya aliyemfuga.

Kuna hila moja katika chumba hiki ambayo kila nikiifikiria naiona nzuri zaidi. Serkaria wote wanaotokana na kitoto kimoja cha yai ni wa jinsia moja. Basi fundi anayetaka kujua kama kinga ya panya inamjibu mnyoo au inayajibu mayai, humpa konokono kitoto kimoja tu. Panya atapata minyoo madume matupu au majike matupu. Minyoo ipo, inakunywa damu, inaishi ndani ya mishipa, lakini yai halipatikani. Mwaka 1991 Jean-Marie Grzych, Edward Pearce na wenzao walionyesha kwa njia hiyo kwamba ni mayai hasa yanayoigeuza kinga ya panya. Minyoo isiyotaga haikuigeuza kwa nguvu kama ile. Swali kubwa la sayansi limejibiwa na mtu aliyekuwa na subira ya kuhesabu mpaka moja.

Kuigeuza kutoka wapi kwenda wapi? Mwaka 1986 Tim Mosmann na Robert Coffman walionyesha kwamba seli saidizi za panya zimegawanyika makundi mawili kulingana na ujumbe wa kikemikali zinaoutoa. Kundi la kwanza hutoa intaferoni-gama na kuwachochea walinzi wa damu wammeze adui anayejificha ndani ya seli, kama vile kimelea cha malaria. Kundi la pili hutoa intaleukini-4 na intaleukini-5, ujumbe unaofaa kwa minyoo na mayai. Tangu hapo mgawanyo huo umeongezewa mengi na si mkali kama ulivyofikiriwa, lakini kwa jambo letu unatosha: mara nyingi kundi moja likipanda linalibana lile jingine. Panya mwenye kichocho, kuanzia wiki ya tano au ya sita minyoo inapotaga, ameelemea kundi la pili. Malaria ikiingia hapo inakuta kundi la kwanza limekwisha kubanwa.

Ndiyo maana siku ni kila kitu. Malaria ikitiwa wiki ya pili ya kichocho, hakuna mayai bado, na mwili unajibu kwa namna moja. Ikitiwa wiki ya nane, ini limejaa mayai, kila yai limezungushiwa seli zilizovimba, na ugeuzi uko kileleni. Ikicheleweshwa zaidi, mwili umeanza kuizoea hali ile na kujituliza. Panya wale wale, kichocho kile kile, malaria ile ile. Kilichobadilika ni kalenda tu. Helena Helmby, Marika Kullberg na Marita Troye-Blomberg, waliokuwa Stockholm, walichagua wiki ya nane katika kazi waliyoichapisha mwaka 1998.

Malaria waliyoitumia ni Plasmodium chabaudi, na hapa mtu wa labo wa Kongolo atajiona nyumbani. Ncha ya mkia inachomwa, tone dogo linawekwa kwenye kioo, kioo cha pili kinalisukuma kwa mshazari mkono mmoja bila kusita, mpaka damu inaisha kwa ukingo mwembamba kama unyoya. Kioo kikaushwe, kitiwe methanoli, kilazwe ndani ya Giemsa iliyochanganywa na maji yenye uchachu uliopimwa, kioshwe, kikauke, kitiwe tone la mafuta. Msomaji mzuri haanzii popote. Anatafuta sehemu ambamo seli zimelala moja moja bila kupandana, maana kwenye lundo atahesabu vibaya, na kwenye ukingo kabisa seli zimeharibika. Kisha anahesabu mamia kwa mamia ya seli nyekundu, akiandika ngapi zina kimelea, panya kwa panya, siku kwa siku. Hakuna mashine niliyosikia habari zake inayoniondolea heshima kwa jicho hilo.

Chabaudi ana tabia nyingine inayodai nidhamu. Vimelea vyake hukua pamoja, mzunguko mmoja kwa saa 24. Saa fulani vyote ni vipete vichanga vinavyoelea katika damu. Saa nyingine vimekomaa na vingi vimejibandika kwenye kuta za mishipa ya ndani, havionekani kwenye tone la mkia. Fundi aliyesoma asubuhi leo na jioni kesho hajalinganisha kitu chochote. Zipo maabara zinazogeuza taa za chumba cha panya, usiku ukawa mchana, ili saa nzuri ya kimelea iangukie saa za kazi za mtu.

Na panya mwenye vimelea viwili peke yake hana cha kusema. Lazima awepo mwenye kichocho tu, mwenye malaria tu, na asiye na chochote, wote wa umri mmoja na wa ukoo mmoja uliozalishwa ndugu kwa ndugu mpaka wakafanana kama pacha. Lazima hata yule asiye na chochote alazwe usingizi, anyolewe tumbo na kuwekewa maji matupu, ili hofu na baridi ya siku ile viwe vya wote. Mwishoni bandama zao zinatolewa, seli zinatenganishwa na kulishwa dondoo la mayai ya kichocho au la malaria kwa siku mbili tatu, na maji yake yanapimwa ujumbe gani umetoka na kwa kiasi gani.

Majibu ya Stockholm yalikwenda pande zote mbili. Panya wenye kichocho walipopewa malaria, vimelea vya malaria vilipanda kwenye damu yao kuliko kwa wenye malaria tu. Kiasi cha TNF, kemikali ya uvimbe na homa, kilikuwa pungufu. Lakini na malaria nayo ilifanya lake: seli za bandama zilizolishwa dondoo la mayai zilitoa intaleukini-4 na intaleukini-5 kidogo kuliko za panya mwenye kichocho tu. Kila mgeni alikuwa amepunguza jibu la mwili kwa mwenzake.

Usomaji wa haraka ungesema kichocho ni kibaya kwa mgonjwa wa malaria, yameisha. Mafundi hawakuishia hapo. Malaria ya panya iitwayo Plasmodium berghei, chapa ya ANKA, huua aina fulani za panya kwa kuharibu ubongo, na katika uharibifu huo uchochezi uliozidi wa kinga wenyewe una sehemu kubwa. Mwaka 2010 watafiti wa Yerusalemu walionyesha kwamba panya wenye kichocho walipopewa ANKA, walioangushwa na malaria ya ubongo walikuwa wachache zaidi. Ulegevu ule ule wa kinga unaoacha vimelea vizidi unaweza kuuokoa ubongo. Ugunduzi kama huo haupatikani kwa kuhesabu vimelea tu. Unapatikana kwa fundi anayemtazama panya wake asubuhi na jioni, akiona anavyotembea, kama manyoya yamesimama, kama anajigeuza akilazwa chali.

Huyo berghei ni wa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Ignace Vincke, daktari wa Kibelgiji aliyeshughulikia malaria huko Katanga, alikuwa akipasua mbu wa msituni karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Katika tezi za mate za Anopheles dureni, mbu wa misitu myembamba inayofuata vijito, alikuta vijiuzi vya malaria. Malaria ya nani? Miaka ilipita. Mwaka 1948 yeye na Marcel Lips wakampata mwenyewe kandokando ya kijito cha Kisanga: panya wa miti mwenye mkia mrefu, anayeitwa leo Grammomys surdaster, anayetembea usiku na kulala kichakani. Damu yake ikatiwa ndani ya panya weupe, na ugonjwa ukashika. Kwa mara ya kwanza wanasayansi wakawa na malaria ya mnyama mdogo anayenyonyesha, anayefugika kwa urahisi ndani ya sanduku.

Fikiria ufundi ule. Kumpasua mbu kwa sindano mbili ndani ya tone la maji ya chumvi, kichwa kivutwe polepole mpaka tezi zije nazo, nyembamba kuliko uzi. Kumkamata hai panya anayelala juu ya matawi. Haiingii akilini kwamba Wabelgiji wawili walifanya hayo bila watu wanaokijua kile kichaka. Mdudu alipewa jina la mtafiti Van den Berghe, mdudu mwenzake aliyeelezwa na mtafiti mwingine, Rodhain, mwaka 1952 akaitwa vinckei, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina la Mkongomani. Hata kichocho cha panya, Schistosoma rodhaini, kilichoelezwa na Brumpt mwaka 1931, kilitoka Katanga hiyo hiyo. Mkoa wetu wa Tanganyika ulikuwa sehemu ya Katanga mpaka mgawanyo wa mwaka 2015, kwa hiyo nasema bila kusita: maabara za dunia zinazochunguza malaria na kichocho ndani ya panya zinafanya kazi na wadudu ambao baadhi yao walitoka kwenye vijito vya mkoa wetu wa zamani.

Kijito chenyewe kiliendelea kufundisha. Kwa miaka mingi berghei alihamishwa kwa sindano kutoka panya hadi panya, na maabara za nje zilishindwa kumpitisha vizuri ndani ya mbu. Katikati ya miaka ya 1960 Meir Yoeli na wenzake wa New York walifanikiwa kwa kupoza chumba cha mbu. Misitu ile ya Katanga iko juu na ina ubaridi. Kimelea kilichozoea nyuzi 20 hivi hakikukomaa katika joto walilowapa mbu wa malaria ya binadamu. Kutokana na mbu hao, mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake walionyesha kwamba panya aliyedungwa vimelea vya berghei vilivyodhoofishwa kwa mionzi hupata kinga. Njia hiyo ilifika kwenye chanjo ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, na R21 mwaka 2023. Mwaka 2024 Kongo ikaanza kuwachanja watoto wake.

Na hapo vimelea viwili vinarudi kwa nguvu. Mwaka 2006 kundi la Mary Stevenson wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal lilichapisha kazi juu ya panya wenye mnyoo wa utumbo, Heligmosomoides polygyrus, waliopewa chanjo ya majaribio ya malaria. Chanjo ilishindwa kuwakinga kama ilivyowakinga wasio na mnyoo. Waliopewa dawa ya minyoo kabla ya chanjo walipata kinga tena. Waliopewa baada ya chanjo hawakuipata. Tena ni siku. Dawa ni ile ile, panya ni wale wale, tofauti ni nini kilitangulia.

Mtu angetamani kuchukua matokeo hayo moja kwa moja na kuyapeleka kwa mama na mtoto. Hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi watu wa fani hii, kwa sababu walikwenda kuuliza. Entebbe, Uganda, Alison Elliott na wenzake waliwaandikisha akina mama wajawazito zaidi ya 2,500 kuanzia mwaka 2003, wengine wakapewa dawa ya minyoo, albendazoli au prazikwanteli, wengine vidonge visivyo na dawa, na watoto wao wakafuatwa. Jibu lilipotoka mwaka 2011 halikuwa la kufurahisha mtu aliyekuwa na haraka: dawa aliyopewa mama haikubadilisha jinsi mtoto alivyoijibu chanjo ya kifua kikuu, ya pepopunda au ya surua. Waliliandika hivyo hivyo. Kumtibu mama si sawa na kumtibu mtoto mwenyewe, na binadamu wa Entebbe hakuanza kuambukizwa siku iliyochaguliwa na mtu. Panya anatuonyesha linalowezekana. Kama ndilo linalotokea kwetu, ni sisi wa kulitafuta.

Kwa hiyo neno langu ni kwa ndugu zangu wa labo wa Kongolo, Kabalo, Nyunzu na Kalemie, na kwa wakubwa wa kanda za afya wanaowapangia kazi. Mikono ya kusoma kioo mnayo. Mtoto akiletwa na homa, mwombeni na choo, hata kama malaria imekwisha kuonekana. Andikeni matokeo yote mawili kwenye mstari mmoja wa daftari, pamoja na tarehe ya mwisho aliyopewa dawa ya minyoo na tarehe ya chanjo. Daftari la damu na daftari la choo yakiendelea kukaa mbalimbali, hakuna atakayeweza kujua watoto wetu wana vimelea gani kwa pamoja, na kipi kilitangulia.